Kotama iliyochomoka juu ya mnazi: kisa cha ala moja ya ngozi, Mikindani

Mgema mmoja wa Mikindani alikuwa juu ya mnazi, amekumbatia shina kwa mkono wa kushoto, akageuza kiuno ili afikie karara, kole la maua lililofungika, la upande wa pili. Kotama, kisu chake cha kugemea, ikachomoka yenyewe alani, ikaenda chini, ikajikita mchangani hatua chache tu kutoka kwa kijana anayempokelea vibuyu. Hakuna aliyeumia. Ala ilikuwa ya ngozi, imeshonwa na fundi mmoja, na haikuwa imemaliza hata msimu mmoja wa mvua. Akaniletea vyote viwili, kotama na ala, na swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, ngozi hii mbovu, au mimi ndiye sijui kuivaa?"

Uvaaji wake haukuwa na kasoro. Ngozi ilikuwa na lake la kujibu, lakini si hilo lililoiangusha kotama. Ala nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimeharibika zina kasoro hii moja: zimekatwa kwa kufuata umbo la kisu kilicholala mezani. Aliyezikata hakuuliza kisu kitaingia na kutoka kwa njia ipi, wala mwenye nacho atakuwa amekaaje, ameegemea nini na ana mikono mingapi ya kutumia wakati huo. Kwa kisu cha jikoni kilichonyooka hilo husameheka. Kwa kotama halisameheki.

Kotama ya mzee huyu imefuliwa na mhunzi kwa springi ya gari. Bapa lake ni pana na limepinda tangu karibu na mpini hadi nchani, makali yakiwa upande wa ndani wa tao. Penye upana mkubwa si karibu na mpini bali mbele, kuelekea ncha, na hapo ndipo kazi ilipo. Makali yake ni ya kunyolea. Mgema hakati kwa nguvu. Hunyoa kijipande chembamba kwenye ncha ya karara, asubuhi na jioni, ili utomvu uendelee kudondoka kibuyuni. Makali yakiwa butu, karara linachanika badala ya kunyolewa, na tembo, yaani pombe ya mnazi, hupungua. Kwa hiyo chombo hiki hurudi alani kikiwa kikali kama kilivyotoka, tena kimelowa utomvu wa sukari. (Tembo lina wapenzi wake na wakosoaji wake hapa Mikindani, mimi nazungumzia kisu.)

Kabla ya kugusa ngozi nilimwomba anionyeshe anavyopanda. Tulikuwa barazani, akaikumbatia nguzo kama shina la mnazi, akainua goti la kulia kutafuta kidato, kisha la kushoto. Ukimtazama hivyo unajua mara moja ala isikae wapi. Mbele haiwezekani, kwa sababu tumbo na kifua vinasugua shina. Ubavuni paja likipanda linaisukuma juu. Inabaki nyuma ya nyonga ya kulia, mahali ambapo haioni kwa macho na anaipapasa tu. "Mkono wa kushoto ni wa mnazi," akasema akiwa bado ameikumbatia nguzo. "Nipe ala ya mkono mmoja."

Sasa turudi kwenye ala ya kwanza. Ilikuwa vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa pande zote mbili, mdomo ukiwa juu, na juu ya mpini kiukanda chembamba chenye kifungo cha chuma cha kubonyeza. Ukiitazama tu unaweza kuisifu.

Chukua kotama, ilaze juu ya karatasi, uizungushie penseli. Halafu jaribu kuiondoa ndani ya mchoro huo kwa kuivuta upande wa mpini, bila bapa kuvuka mstari. Kisu kilichonyooka kinatoka. Kisu kilichopinda ambacho upana wake ni uleule toka mwanzo hadi mwisho nacho kinaweza kutoka, ukikizungusha kwa kufuata tao lake. Kotama hii haitoki. Sehemu yake pana iko mbele, kwa hiyo ili ipite, njia yote hadi mdomoni lazima iwe na upana wa sehemu ile. Bapa likishaingia lote, shingo yake nyembamba inabaki inacheza ndani ya mdomo mpana. Fundi wa kwanza alilitatua tatizo la kuingia kwa kupanua mdomo, akapata ala inayoipokea kotama kwa urahisi na kuiachia kwa urahisi uleule.

Kiukanda chenye kifungo ndicho kilichotegemewa kuziba pengo hilo. Lakini kukifunga kulihitaji mikono miwili, na mgema aliye juu hana mkono wa pili, hivyo alikwisha kuacha kukifunga. Hata angetaka, kifungo chenyewe kilikuwa kimeshikwa na kutu. Upepo wa hapa una chumvi mwaka mzima, uwe kaskazi au kusi, na chuma chepesi hakidumu.

Kisha mshono. Niliifumua ala kwa upande wa ndani wa tao, yaani upande wanakolala makali. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kutokea ndani, ncha zake zimelala upande mmoja kama nyasi zilizofyekwa. Kwa nje mshono ulionekana mzima, na ndiyo maana mwenyewe hakushtuka. Sababu inatoka kwenye umbo lilelile: kila alipouvuta mpini kwenda juu, tao liliyasukuma makali kwenye mshono wa ndani, na ncha ikachokonoa mshono wa nje. Kwa hiyo kila alipochomoa kotama alikuwa akiukata mshono kidogo.

Tena ala ilishonwa kwa cherehani. Cherehani ina uzi wa juu na uzi wa chini, na hizo mbili hukutana na kushikana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, wa pili hauna cha kushika, mshono unaanza kujifungua. Kwa begi la shule si neno. Kwa kitu kinachobeba makali ya kunyolea, sikubaliani nacho hata kidogo.

La tatu ndilo alilouliza yeye, ngozi. Nilikata kipembe kidogo nikatazama ukingo: katikati ulikuwa na rangi ya kijivu iendayo kwenye buluu. Hiyo ni ngozi iliyosindikwa kwa kromu, laini, ya aina inayotumika kwenye makochi, mikoba na sehemu za juu za viatu. Ina kazi zake, lakini ukiilowesha na kuifinyanga haishiki umbo; ikikauka inarudi kulegea. Juu ya hayo, ndani fundi wa kwanza alibandika kitambaa. Kitambaa kikanywa utomvu na jasho, utomvu wa mnazi huanza kuchachuka ndani ya saa chache na usipotolewa huishia kuwa siki, na chuma kikalazwa humo usiku kucha. Kutu lilikuwa limekwisha kuchimba vidoa kando ya makali. Mzee alikuwa akikilaumu chuma cha springi, kumbe springi haina hatia.

Nilimwambia wazi kwamba ngozi si jibu la kila kisu. Wavuvi wengi hapa huchukua kipande cha bomba la plastiki, hukipasha moto, hukibana kikawa bapa, na kisu cha kuparia samaki kinakaa humo bila shida. Kisu kinachoingia maji ya bahari kila siku, mimi mwenyewe humshauri mwenye nacho abaki na plastiki. Ila plastiki ngumu mgongoni mwa mtu anayejipindapinda juu ya mnazi inaumiza, na makali membamba yakigongana nayo yanakufa. Kwa kotama ngozi inastahili, mradi iwe ngozi inayofaa na ala yenye njia.

Ngozi inayofaa ni ile iliyosindikwa kwa magome ya miti. Ukingo wake ukiukata ni kahawia tupu hadi katikati, inanywa maji, na ikilowa unaifinyanga itakavyo, ikikauka inakaa hivyohivyo. Unene wa milimita 3 hadi 3 na nusu unatosha. Chagua sehemu ya mgongo wa ng'ombe. Ya tumbo inavutika na haitulii. Kuipata huku kusini ndiyo kazi. Ngozi mbichi siku hizi si haba, hasa tangu wafugaji walioondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walipoelekezwa mkoa wa Lindi na mifugo yao. Viwanda vya kuisindika ndivyo viko mbali, hivyo ngozi yetu husafiri kwenda na kurudi.

Kila nikilisema hili kuna anayeniuliza kwa nini nisisindike mwenyewe kwa magome ya mikoko, kwani wakati wa Wajerumani magome hayo yalipakiwa melini kutoka pwani hii hii kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya. Ni kweli, gome la mkoko lina dawa ya ngozi ya kutosha. Lakini mkoko ukichunwa gome kuuzunguka unakufa, misitu ya mikoko nchini ni hifadhi na huvunwa kwa kibali tu, na kule Msimbati na mlangoni mwa Ruvuma kuna hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Mwenye haja ya magome aangalie miti ya miwati ya Njombe, iliyopandwa kwa kazi hiyo.

Ala mpya haina mdomo wa juu. Ina mfuko mfupi wa ncha, uliofungwa pande zote, na kutoka hapo hadi shingoni iko wazi upande wa mgongo wa kisu, yaani nje ya tao. Upande wa makali umefungwa kwa mshono mmoja. Kotama inaingia kwa hatua mbili: ncha inatangulia mfukoni kwa mshazari, kisha mpini unasukumwa kuelekea kiunoni na bapa linalala lote. Kutoka ni kinyume chake, mpini unatolewa nje kwanza, ndipo ncha inavutwa. Uzuri wake ni kwamba kuruka, kuinama au kugeuza kiuno hakufanyi hatua hizo mbili kwa mpangilio. Mkono wa mtu peke yake ndio unaofanya. Na bapa halipiti tena kwenye mfereji wowote, kwa hiyo upana wake wa mbele haudai chochote kwenye shingo.

Kiolezo nilikikata kwa boksi gumu la bidhaa, nikakijaribisha na kotama yenyewe hadi mzunguko ule ukawa hausiti. Boksi likikubali, ngozi itakubali. Likikataa, umeharibu boksi tu. Kisha nikapeleka kiolezo kwa mchongaji wa Kimakonde, akanichongea kalibu ya mti wa mwembe yenye umbo la kotama, nene kuliko bapa kwa unene wa karatasi ngumu. Wapo wanaofinyanga ngozi iliyolowa juu ya kisu chenyewe kilichopakwa mafuta na kuvishwa nailoni. Inawezekana, lakini makali ya kunyolea chini ya vidole vinavyobonyeza kwa nguvu sioni sababu yake wakati mti upo.

Sasa upapi, ambao ala ya kwanza haikuwa nao kabisa. Ni ukanda wa ngozi unaowekwa katikati ya kuta mbili za ala, kufuata upande wa makali. Unene wake lazima uzidi unene wa kisu pale unapokaa, la sivyo kuta zinalibana bapa na makali yanapanda kutafuta uzi. Upana niliupa milimita 12, na mshono nikaupitisha karibu na ukingo wa nje, milimita 4 kutoka pembeni. Hesabu yake ni nyepesi: kati ya makali na uzi kuna karibu milimita 8 za ngozi nene iliyogandishwa kwa gundi ya viatu. Makali yatakula upapi polepole, kwani ndiyo kazi yake, na ukiliwa sana unafumuliwa na kutiwa mwingine bila kugusa kuta. Kwenye tao la ndani upapi haukubali kupinda ukiwa mkavu. Uloweshe, uulaze juu ya mstari, ubane, uache ukauke na umbo lake, ndipo utie gundi.

Matundu ya mshono nilitia alama kwa uma wa mezani, meno yake yakikanyaga njia moja baada ya nyingine ili nafasi zisipishane, kisha nikatoboa kwa msharasi, kuta mbili na upapi kwa pamoja. Hapa mkono ukiinama kidogo, mbele mistari inaonekana mizuri na nyuma inatangatanga. Weka kipande cha nta ya nyuki karibu, uuchomeke msharasi humo kila baada ya matundu machache. Utaingia kwa nusu ya nguvu. Uzi ni wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, uliopitishwa kwenye nta hiyohiyo mpaka unanata vidoleni. Urefu wake uwe kama mara nne ya mshono, na sindano moja kila mwisho. Sindano zote mbili zinapita kwenye kila tundu, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia, na mpangilio usibadilike: iliyotangulia tundu la kwanza itangulie hadi la mwisho. Kwa mshono huu, uzi mmoja ukikatika mahali popote, wa pili bado umeshika ala nzima. Mwishoni unarudi nyuma matundu mawili au matatu, unakata, unayeyusha ncha kwa kiberiti.

Wakati wa kufinyanga niliilowesha ala kwenye maji ya kawaida hadi mapovu yalipokoma, nikaingiza kalibu, nikabonyeza mfuko wa ncha na sehemu ya shingo kwa mpini wa kijiko. Hapo kati sikugusa, maana hapahitaji kubana. Ikakauka kivulini. Jua la Mtwara na ngozi iliyolowa havipatani: inajikunja, inakuwa ngumu, na ukiikunja baadaye inapasuka. Chini kabisa ya mfuko nikatoboa tundu la kutolea maji, kwa sababu utomvu utaingia tu, upende usipende. Kitambaa cha ndani hakuna. Kingo zikasuguliwa kwa mti hadi zikang'aa, nje nikapaka nta iliyochanganywa na mafuta, basi.

Kufuli ilikuwa swali la mwisho. Kifungo cha chuma nilikwisha kukiona mwisho wake. Yule mchongaji ana vipande vya mpingo vinavyobaki kwenye vinyago vyake, na mpingo hauliwi na chumvi, tena ni mzito kiasi cha kuzama majini. Akanichongea kishikizo chenye ukubwa wa punje ya korosho. Kitanzi kutoka ukuta wa nyuma kinapita juu ya mgongo wa kotama, karibu na shingo, kinaingia kwenye kishikizo hicho. Kidole gumba cha mkono uleule ulioshika mpini kinakisukuma kitanzi, kinaachia. Nyuma ya ala nilishona vitanzi viwili vya mkanda vilivyoachana, kwa sababu kimoja peke yake kinaiacha ala ipige chenga mtu akipanda.

Majaribio yalianza na kalibu ya mti, si chuma. Ala ikapinduliwa mdomo chini, ikatikiswa, mzee akaruka nayo barazani huku wajukuu wakimcheka. Baadaye kotama halisi, makali yamefungwa kitambaa, kwenye mnazi mfupi ambao nazi zake unazishika ukisimama. Kilichochukua muda ni mkono wake, wala si ala. Miaka yote alizoea kuvuta juu. Sasa alitakiwa asukume kitanzi, atoe mpini nje, ndipo avute. Nilimwambia afanye hivyo chini ya mti hadi asifikiri, kabla ya kupanda mrefu.

Aliporudi baada ya mvua, mshono ulikuwa haujaguswa na upapi ulikuwa na mfuo mwembamba pale makali yanapolala. Alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, ndani ya ala kumeingia weusi, akadhani ni kuvu. Kuvu hufutika na huwa na harufu, huu haukufutika. Ni chuma na dawa ya magome vikikutana penye unyevu, jambo ambalo hutia ngozi rangi nyeusi bila kuidhuru, ila linakuambia kisu kinaingia kikiwa kimelowa. Tukakubaliana: kotama ifutwe kabla ya kurudi, ipakwe mafuta ya nazi jioni, na usiku ilale nje ya ala, ala ikitundikwa penye upepo. La pili lilikuwa sisimizi. Utomvu ulikuwa ukiganda kwenye tundu la chini, likaziba, na mfuko wa ncha ukawa karamu yao. Tundu nikalipanua hadi kalamu ipite, na sasa anasuuza mfuko kwa maji baridi kila akishuka mara ya mwisho.

Kitanzi cha ngozi juu ya kishikizo nacho kilikuwa kimevutika kidogo. Nimekibadilisha kwa kamba ya nailoni iliyosukwa, ambayo hailegei ikilowa. Kiolezo nimekihifadhi, na kinahitajika tena: kuna mgema wa Naumbu anayeshika kotama kwa mkono wa kushoto. Kwake kukigeuza kiolezo hakutoshi. Kotama yake imefuliwa na mhunzi mwingine, tao lake limefunga zaidi na mpini ni mfupi, kwa hiyo mzunguko wa kuingia unaanza mahali pengine. Nimemwambia aje nayo, na aje na mkanda anaouvaa akipanda, ndipo nikate boksi.